Dillon 550 au 750 kwa anayeanza?

Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya hizo mashine mbili za Dillon za kujaza risasi upya, kwa risasi za bastola za mazoezi, na hujawahi kujaza hata risasi moja. Mimi ningekwambia 550. Ina vituo 4 (kila kituo kinafanya hatua moja ya kujaza ganda), na sahani inayobeba maganda unaizungusha mwenyewe kwa kidole gumba. 750 ina vituo 5 na inajizungusha. Kasi yake tamu, ila mgeni anapitwa na mambo.

Hatari ya 550 ni moja: ukisahau kuzungusha, ganda lilelile linapata baruti mara mbili, na silaha inaweza kukupasukia mkononi. Kwa hiyo chagua, ndani ya kitabu cha vipimo vya baruti, baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda. Ikiingia mara mbili itamwagika, utaiona. Funga na taa ndogo hapo, uchungulie kila ganda kabla hujaweka kichwa cha risasi. Kila moja, kweli.

Mashine ikikwama usilazimishe. Toa maganda yote yaliyomo, uanze upya.

Ukihitaji mamia kila wiki, hapo 750 inafaa: kituo cha ziada kinaweza kubeba king'ora cha kukagua baruti.