Si jua lililoua betri zako

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiwa na hasira. Alinunua paneli ndogo ya sola, akaiunganisha moja kwa moja na kisanduku cha betri nne za tochi za kuchajiwa, akawa anaziacha juani kutwa. Baada ya miezi michache hazishiki chaji tena. Anasema sola ni ya taa na simu tu, na kwamba sisi tunaowahimiza watu wachaji betri ndogo kwa jua tunawapotosha.

Ujumbe huo umenigusa kwa sababu maneno kama hayo nimeyasikia ndani ya familia yangu. Nilipotangaza kwamba nyumbani kwangu hatutanunua tena betri za kutupa, ndugu yangu mmoja alisema mbele ya wageni kwamba nitachoka kabla ya msimu wa mawingu. Sikuchoka. Leo redio, tochi, rimoti, saa ya ukutani na kipanya cha kompyuta vyote vinakula jua, na ndugu huyohuyo huniletea betri zake nimchajie. Namchajia kwa moyo safi, lakini alichosema sijakisahau.

Sasa tuzungumze ukweli, maana wewe unayesoma hapa unataka kujitegemea kama mimi.

Kosa liko kwenye ule waya unaotoka kwenye paneli na kuingia kwenye betri bila kitu katikati. Betri ya NiMH, yaani aina ya kawaida ya betri ndogo za kuchajiwa, yenye ujazo wa 2000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kubeba), ikichajiwa taratibu kwa mkondo wa ampea 0.2, inahitaji saa 14 hadi 16. Si saa 10 kama hesabu ya haraka inavyoonyesha, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kama joto. Jua lenye nguvu haliwaki saa 14. Kwa hiyo siku moja betri inabaki nusu, siku nyingine, kama mkondo ni mkubwa, inajaa mapema na kuendelea kushindiliwa hadi jioni, na hakuna anayejua lipi limetokea. Usiku nako, kama hakuna dayodi ya kuzuia (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), umeme unaweza kurudi kinyumenyume kupitia paneli.

Chaja ya kisasa nayo haipendi kuendeshwa na paneli moja kwa moja. Inajua kwamba betri imejaa kwa kuona volti zikishuka kidogo sana, milivolti chache tu. Wingu likipita, chaja inaweza kudanganyika ikakata mapema. Umeme ukikatika na kurudi, inaanza hesabu upya na kuichaji betri iliyokwisha kujaa.

Halafu kuna joto. Visanduku vingi vya betri hubandikwa nyuma ya paneli, na paneli iliyo juani huwa na joto kali kuliko hewa inayoizunguka. NiMH haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 hivi. Hapo ndipo betri zako zilipofia, msomaji uliyeniandikia, mgongoni mwa paneli.

Dawa yake ni ghala. Mchana jua lijaze betri kubwa, kisha betri kubwa iendeshe chaja ndani ya nyumba, kivulini, bila kujali mawingu. Mimi nilianza na pawabanki ya kawaida na chaja ya volti 5, na mpaka leo naona ndiyo njia nyepesi kwa anayeanza. Ukitaka betri ya volti 12, weka chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaotoka kwenye paneli kuingia kwenye betri, bila ubishi. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufanya kazi kwenye volti 17 au 18, na bila mzigo, yaani bila kitu cha kuvuta umeme wake, hupanda hadi 21 hivi. Ukiiunganisha bila kontrola, utaichemsha betri.

Hesabu yenyewe haitishi. Betri nne za AA za 2000 mAh zinabeba jumla ya wati-saa 9.6 (volti 1.2 mara ampea-saa 2 mara betri nne). Ongeza upotevu wa pawabanki, wa chaja na wa betri zenyewe, tenga wati-saa 20. Paneli ya wati 10 iliyoelekezwa vizuri, isiyo na kivuli hata cha tawi moja, inazipata kwa saa chache za jua zuri. Kivuli usikidharau. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, na moja ikifunikwa inabana mkondo wa zote.

Kuna wanaoogopa volti 1.2 za NiMH kwa kuwa za kutupa zimeandikwa 1.5. Hizo za kutupa nazo hushuka chini ya 1.2 zikiwa bado zinatumika, na kifaa hakilalamiki. Nunua zile zinazotunza chaji muda mrefu zikiwa zimekaa, hata kama ujazo wake ni mdogo kuliko zinazojisifu kwa namba kubwa. Kwa saa ya ukutani hilo ndilo la maana.

Na tafadhali, nunua chaja inayoangalia kila betri peke yake. Nasema tena, kila betri peke yake. Chaja inayochaji mbilimbili huiacha moja na njaa na kuivimbisha nyingine. Betri zinazotumika pamoja zikae pamoja. Mimi huziandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, jozi kwa jozi, na siruhusu mtu avuruge.

Betri za kutupa za alkalaini usizitie kwenye chaja ya NiMH, zinaweza kuvuja au kupasuka. Vilevile zipo za lithiamu zenye umbo lilelile la AA zilizoandikwa 3.7 V. Hizo zina chaja yake, inayokata kwenye volti 4.2, na hazifai kuwekwa kwenye redio inayotumia betri za volti 1.5. Soma maandishi ubavuni mwa betri kabla hujaichomeka.