Mratibu mpya wa MEWAKA, mazungumzo ya mwisho wa mwaka yaanzie kwenye madaftari ya watoto

Mleta mada nimekusoma. Umepewa uratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu, mwalimu mkuu anataka kabla ya kufunga shule Desemba ukae na kila mwalimu uliyekuwa unamtembelea darasani, mzungumze mwaka ulivyokwenda, na wewe unahofia watakuona mkaguzi. Nafanya kazi hiyohiyo katika shule ya msingi ya serikali, zaidi na walimu wa madarasa ya chini, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mimi.

Kwanza tenganisha jambo hili na PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Walimu wamezoea kwamba mtu akiitwa kuzungumzia utendaji wake, kuna alama zinaingia kwenye mfumo. PEPMIS inafuata mwaka wa serikali, Julai hadi Juni. Mazungumzo yenu yanafuata mwaka wa watoto, Januari hadi Desemba. Mwambie mwalimu waziwazi kabla hamjakaa: hakuna alama, hakuna fomu, na mtakachokubaliana anakiandika kwenye daftari lake mwenyewe na anaondoka nalo. Ukienda na karatasi ya visanduku vya kutia tiki, atakujibu kama anavyowajibu wathibiti ubora: maandalio yapo, shajara imejazwa, zana ziko ukutani. Yote yatakuwa kweli, na mtaachana hamjazungumza kitu.

Muda nao uuangalie. Wiki ya mwisho kila mtu anasahihisha na kujaza ripoti, usimguse mtu. Upimaji wa darasa la nne ukishapita mwishoni mwa Oktoba, shika wiki za mwanzo za Novemba. Kaeni darasani kwake watoto wakishatawanyika, dawati moja, bega kwa bega.

Sasa kubwa lenyewe. Mwombe mapema atunze madaftari ya watoto wachache anaowachagua yeye: anayekwenda vizuri, wa katikati, na wale wanaomnyima usingizi. Yawe ya mwaka mzima, hata lile lililojaa tangu Machi. Madaftari hayo ndiyo mtakayoyazungumzia.

Nikupe mfano. Kuna mwalimu wa darasa la pili, mama mtu mzima, ameanza kufundisha mimi bado niko shule. Nikamwamkia, tukakaa, akaanza: "Mwalimu, watoto wa mwaka huu silabi changamano zimewashinda. Mbwa wanaandika bwa, ng'ombe wanaandika gobe." Sikumbishia. Nikamwomba tufungue daftari moja toka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Mpaka Juni kulikuwa na imla mara kwa mara, na kalamu nyekundu inaonyesha mtoto alipodondosha herufi. Kuanzia Julai imla hazipo. Ni kunakili sentensi za ubaoni tu, mwandiko mzuri, tiki tupu. Tukafungua la pili, la tatu, hali ileile. Yeye ndiye aliyeona, sijatamka neno. Akasema, "Hapa ndipo mwenzangu alipokwenda likizo ya uzazi."

Mikondo miwili ilikuwa imeunganishwa. Watoto wakapita mia katika chumba kimoja, na imla ya watoto mia haisahihishiki ndani ya kipindi. Kunakili unapita kati ya madawati unatia tiki. Ningemwambia mimi kwamba ameacha imla, angejitetea, na angekuwa na haki ya kujitetea. Lakini lile la "watoto wa mwaka huu" likawa limepata mwezi na sababu, na chenye sababu unaweza kukishughulikia. Tukakubaliana nusu ya darasa ifanye imla Jumanne, nusu Alhamisi, maneno matano tu, kisha watoto wabadilishane madaftari na kusahihishana maneno yakiwa ubaoni, yeye akipitia ya waliokosa zaidi. Hilo la kubadilishana madaftari lilitoka kwake, alishalifanya miaka ya nyuma alipokuwa na darasa kubwa.

Ndiyo maana nakusihi, kwa mwalimu aliyekuzidi umri usitangulize ushauri. Muulize kwanza, "Zamani mlikuwa mnafanyaje?" Hawa wamepitia mitaala kadhaa na wana mbinu nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kingine, mwachie nafasi akuseme na wewe: ziara zako zilimsaidia wapi, zilimkwamisha wapi. Halafu nyamaza usikilize. Mmoja aliniomba mwaka unaofuata niende vipindi vya katikati, kwa sababu kipindi cha kwanza watoto wanaotoka vitongoji vya mbali bado wako njiani, na ninachokiona siyo darasa lake. Kwa kumkagua nisingelijua hilo.

Msibebe mambo mengi kwenda Januari. Jambo moja linatosha, na liwe kitu utakachokiona kwa macho ukiingia darasani wiki ya pili au ya tatu baada ya kufungua. Ukichelewa mpaka Machi, litakuwa limeshasahaulika.

Umeuliza pia ufanyeje mwalimu mkuu akidai ripoti ya kila mwalimu. Mimi humpa mada zilizojirudia, bila majina, ili zipangwe kwenye vikao vya JzK (Jumuiya za Kujifunza, walimu wanapokaa kujifunza pamoja) vya mwaka mpya. Kama walimu watatu wamekwama kwenye imla, hiyo ni mada tayari. Yako mengine ambayo mwalimu hawezi kuyatatua kwa mbinu yoyote, mfano kuunganisha mikondo na kumwacha mtu mmoja na watoto mia. Hayo muombe mwalimu ruhusa, kisha yapeleke kwa mwalimu mkuu kama suala la shule, ukiwa na madaftari mawili matatu mkononi ayaone. Kwetu baada ya kuyaona alipanga upya ratiba, na mwalimu wa darasa la tano mwenye vipindi vichache akawa anaingia kusaidia siku za imla.