Sumaku chini ya pikipiki haibadilishi taa

Swali: Mhandisi, shikamoo. Naenda kazini alfajiri kwa pikipiki ya cc 125. Kuna makutano ambapo taa nyekundu hainiachii mpaka gari lije nyuma yangu. Fundi amenifungia sumaku mbili chini ya injini, akasema kihisi kilicho kwenye lami kinatafuta chuma na pikipiki yangu ni nyepesi mno. Siku nyingine zinasaidia, siku nyingine hapana. Je, nitafute sumaku yenye nguvu zaidi?

Jibu: Marahaba. Usitafute. Na hizo mbili zing'oe.

Swali hili naletewa mara nyingi sana, na karibu kila anayeuliza ameshatoa pesa kabla ya kuniuliza. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu dawa yenyewe ni ya bure.

Kilichofukiwa pale ni waya uliozungushwa mara chache tu, mara nyingi tatu au nne, ndani ya mfereji mwembamba uliokatwa kwa msumeno na kuzibwa. Ncha zake zinaishia kwenye kabati la mitambo pembeni ya barabara. Humo kuna kifaa kinachoupitishia umeme unaogeuka mwelekeo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, kwa kawaida kati ya kilohezi 10 na 200. Metali yoyote inayopitisha umeme ikikaa juu yake, ndani ya metali hiyo vinazuka vijimkondo vya umeme vinavyozunguka na kupingana na uga wa ule waya, yaani eneo la nguvu ya sumaku linaloletwa na umeme wake. Indaktansi ya waya, yaani jinsi unavyopinga mabadiliko ya umeme, inapungua kidogo, masafa, yaani idadi ya mageuko hayo kwa sekunde, yanapanda kidogo, na kifaa kinajua kuna mtu anasubiri.

Sasa sumaku inaingia wapi hapo? Uga wake umetulia, haugeuki, na kifaa hakiupimi. Ukiifunga sumaku kubwa mara kumi, umeongeza kipande kidogo cha metali chini ya injini ambayo yenyewe ni metali tupu. Tena alumini, ambayo sumaku haiishiki hata kidogo, kihisi hiki kinaiona vizuri sana. Rimu ya alumini ya baiskeli, ikisimama sawasawa juu ya waya uliorekebishwa vyema, inatosha kuita taa. Fundi wako angekuja na pete ya shaba iliyoungwa mwisho kwa mwisho, walau ningemsikiliza, maana katika pete ndimo vijimkondo vinamozunguka. Lakini pikipiki yako, kama rimu zake ni za metali, imezaliwa na pete mbili kubwa za namna hiyo.

Habari ya uzito ina asili yake. Taa za mwanzo zilizoitikia magari, kama ile ya Charles Adler Mdogo iliyowekwa Baltimore mwaka 1928, zilisubiri dereva apige honi; na zama hizohizo vilikuwapo vihisi vya barabarani vilivyokandamizwa na magurudumu. Waya wa kwenye lami ulianza kutumika miaka ya 1960. Wenyewe haupimi uzito wa kilichosimama juu yake hata kidogo.

Kosa lako, naamini, ni mahali unaposimama. Wengi husimama katikati ya njia, na katikati ya waya wa mstatili ndipo pabaya kwa pikipiki: uga pale unapanda wima, na magurudumu yako yaliyosimama wima hayaukati. Juu ya waya wenyewe uga unajikunja na kulala, ukapenya rimu ubavuni. Kwa hiyo tafuta ule mkato unaokwenda sambamba na njia, kulia au kushoto, uweke magurudumu yote mawili juu yake, nyuma ya mstari wa kusimamia. Ukiona mikato mitatu sambamba, waya umepindwa kama nane. Hapo fuata ule wa kati. Lami ikiwa imefunikwa upya na mikato haionekani, jaribu kama mita moja kutoka katikati ya njia, maana upana wa mstatili huo mara nyingi ni mita 1.8 hivi.

Makutano mengine yanatumia kamera au rada. Kwa hayo, usipite mstari, usijifiche kando, na taa ya mbele iwake.

Ukisimama sawasawa na bado hakuna kitu, tatizo ni letu sisi wahandisi wa taa. Usikivu wa kifaa umeshushwa mno, au waya umekatika. Waandikie wanaosimamia taa hizo: makutano gani, njia gani, saa ngapi. Tunarekebisha tukiwa kabatini, bila kuchimba lami, isipokuwa waya umekatika. Usikivu nao una kikomo. Ukizidi, gari la njia ya jirani linahesabiwa.

Ninachowaomba waendeshaji wote ni wamwogope anayeuza kitu ambacho hakiwezi kukosa kufanya kazi siku moja moja. Taa itabadilika tu wakati fulani: gari limefika upande wa pili, zamu ya programu imefika, au umesimama juu ya waya bila kujua. Sumaku inapewa sifa. Wapo pia wanaouza vimulimuli eti vya kudanganya taa kama gari la wagonjwa, wapo wanaofundisha kuilaza pikipiki barabarani gizani, na kila mmoja ana shahidi aliyefanikiwa jana. Sumaku iliyogandishwa kwa gundi ikichomoka kwenye mwendo, inaweza kuishia kwenye mnyororo. Ila hofu yangu kubwa ni yule aliyelipia, akasubiri, akakasirika, akapita nyekundu akiamini kwamba taa haitamwona kamwe. Anayekuja upande wa pili ana kijani na hana sababu ya kupunguza mwendo.

Kesho alfajiri ziache sumaku nyumbani, usimame juu ya mkato, usubiri zamu mbili. Keshokutwa zifunge, usimame katikati. Fundi akitaka kubishana, nenda naye.