Mnaoanza skwati, chuma kitupu kwanza

Assalam alaykum vijana, hasa nyie mnaoanza jimu, nawaandikia kuhusu skwati ya chuma mgongoni, yaani kuchutama na kusimama umebeba chuma, maana kila jioni namuona mtu kaingia leo na leoleo anataka pleti, zile sahani za uzito, kila upande. Yakhe, chuma cha wanaume cha mashindano chenyewe tu kina kilo 20 na zinakutosha kabisa kujifunzia, anaecheka mwache acheke.

Hata kabla ya chuma, chutama mikono mitupu. Pita soko la samaki Malindi uwaangalie wazee waliochutama wakipanga samaki, visigino chini, wanaongea zao. Sie wa viti ile tumeipoteza, tukifika nusu tu visigino vinanyanyuka, mara nyingi ni kifundo cha mguu kimekaza. Weka ubao mwembamba chini ya visigino kwa muda huku unavinyoosha vifundo kila siku. Na zile raba za kukimbilia zenye soli laini ziache, unayumba, vaa raba ya soli bapa. Ndara usithubutu.

Kwenye stendi chuma kiwe usawa wa kifua, kikiwa juu zaidi itabidi usimamie vidole kukitoa, na kukirudisha ukiwa umechoka ndo hatari. Kikae kwenye nyama za juu ya mgongo, sio kwenye mfupa wa shingo. Hatua mbili tatu nyuma basi, miguu upana wa mabega, vidole vitazame nje kidogo.

Sasa pumzi, hapa ndo penyewe na ndo watu wanaparuka. Weka vidole gumba ubavuni juu kidogo ya nyonga, vuta pumzi, kama vidole havisukumwi nje basi pumzi imeishia kifuani, rudia mpaka visukumwe. Pumzi hiyo ndo inayoulinda mgongo, vuta, kaza tumbo, shuka nayo, anza kupanda nayo, toa ukikaribia juu, halafu vuta nyengine kwa ya pili. Mwenye presha aonane na daktari kwanza maana kubana pumzi kunaipandisha.

Kushuka, goti lifuate uelekeo wa vidole lisiingie ndani. Watu watakwambia goti lisivuke vidole vya miguu, mie sikubaliani, mwenye mapaja marefu litavuka tu, muhimu uzito ubaki katikati ya unyayo. Shuka mpaka nyonga ipite chini ya goti, lakini mgongo wa chini ukianza kujikunja ishia kabla ya hapo. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, sio mbele, uone kama chuma kinapanda na kushuka mstari mmoja.

Wa majimu ya mtaani yenye vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo, tafadhalini pimeni kila kimoja kwenye mzani, makopo sawa lakini uzito mbalimbali, upande mmoja ukizidi na mwili unapinda. Na kama stendi haina vyuma vya kuzuia pembeni, wasimame watu wawili, kila mmoja ncha yake.

Ukiwa sawa ongeza kilo 2.5 jumla, seti tatu, kila seti unachutama mara tano, siku ya pili pumzika. Ramadhani piga baada ya tarawehe, sio alasiri na koo kavu.