Usimeze hicho kidonge mkuu, mimi nilikimeza nikaishia Addis

Mkuu, weka hiyo bahasha chini kwanza ndipo tuongee.

Nimesoma uzi wako wote hapa jukwaani. Unatoka Mwanza, unaunganisha Dar, unaenda Dubai kufungasha mzigo, hujawahi kupanda ndege, na tangu ile ajali ya ndege ya Bukoba ukisikia tu ndege inapita juu ya bati jasho linakutoka. Umeuliza ukae kiti gani, uondoke asubuhi au jioni, masikio yakiziba ufanyeje, na mama umwambie au umfiche. Sawa. Lakini katikati ya maswali, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, ukaandika kuwa jamaa wa duka la dawa amekufungia diazepamu sita, vile vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kwenye bahasha ya kaki. Halafu mdau mmoja hapo juu akakuongezea eti shushia na kitu kikali kidogo, utaamka Dubai. Watu 17 wamempa laiki. 17!

Nilipofika hapo wali umenipoa mezani. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2018, nikiwa nimekalia kreti la soda mbele ya duka langu Kariakoo, na aliyeniambia alikuwa mtu ananiheshimu na mimi namheshimu, mzoefu wa China, safari nane kwenye pasipoti. "Meza kimoja wakiita kupanda, shushia na mkali, mengine utasimuliwa."

Mengine kweli nilisimuliwa.

Hofu yangu ilianzia kwenye ndege ya pangaboi, Mwanza kuja Dar, mwezi wa nne, jioni. Kuna mahali kabla ya Dodoma ile ndege ilidondoka kama lifti iliyokatika kamba, soda ya jirani ikapanda hewani, na mimi nikajikuta namwita marehemu bibi yangu kwa jina lake la utotoni. Kuanzia hapo nikawa mtu wa basi. Dar–Mwanza kilomita elfu na ushee, miguu inavimba hadi kiatu kinagoma, lakini nilikuwa radhi. Tatizo Guangzhou, China, nilikotakiwa kwenda, hakuna basi.

Tulikuwa watatu tumechanga kuleta kava za simu na chaja. Wenzangu walitangulia, mimi nikabaki na pesa ya kumlipa mwenye mzigo, kwa sababu katika sisi watatu mimi ndiye nilionekana mtu makini. Cheka tu, hata mke wangu hucheka hapo. Ndege ilikuwa ya jioni, Dar hadi Addis Ababa, halafu usiku ndio unaunganisha kwenda Guangzhou.

Getini wakatangaza tujiandae kupanda. Nikameza. Dakika tano baadaye wakatangaza ndege imechelewa saa moja na nusu, tuwe na subira. Hilo mzoefu hakulitaja. Nimekaa pale nasikilizia, moyo bado unapiga kama mashine ya kusaga, nikajiambia hiki kidonge ni feki. Mtu anayeuza chaja za China akaanza kulaumu dawa kuwa feki! Nikameza cha pili. Halafu nikashushia na kachupa nilikonunua humohumo ndani, kadogo kiasi kwamba nilijidanganya si pombe.

Baada ya hapo nakumbuka vipandevipande. Nakumbuka nikivutana mkanda na mama mmoja wa Kihabeshi, mimi nimeshikilia kwamba ni wangu na yeye tayari ameufunga. Nakumbuka uso wa mhudumu umeinama karibu sana na wangu, ananinusa. Baadaye nimekuja kujua kwamba wakikuona umelewa wana haki ya kukuteremsha kabla ndege haijaondoka, na nauli usahau. Kwa nini hawakuniteremsha mimi sijui, labda huruma. Bora wangeniteremsha, nikalale nyumbani.

Addis niliamshwa na watu wa usafi. Nikatolewa kwa kiti cha magurudumu. Mkuu, nilikuwa na miaka 34, mzima wa afya, nasukumwa na mzee aliyeweza kunizaa, na mdomo wangu unachuruzika mate kama wa mtoto anayeota meno. Akanifikisha kwenye geti langu, akanionyesha kwa kidole ile namba, akaenda zake. Nikajiambia zimebaki saa tatu nzima, ngoja nifumbe macho dakika tano.

Nilizinduka saa tisa usiku. Kiatu kimoja kimevuka, pasipoti iko chini ya shavu imelowa, na kwenye kioo cha ratiba hakuna neno Guangzhou. Nikashika kiuno haraka, mkoba wa pesa upo. Hapo ndipo niliposhukuru Mungu, na ndipo bahati yangu ilipoishia.

Kumbe waliniita kwa spika mara tatu. Jina langu kwa lafudhi ya Kiamhari hata ningekuwa macho sidhani kama ningelitambua. Na begi likashushwa, maana begi haliruhusiwi kusafiri bila mwenyewe, kwa hiyo ndege nzima imekaa inasubiri watu watafute begi langu la jinzi nne na dagaa wa Kigoma, na mimi niko mita chache nakoroma. Kisha yule dada wa kaunta akanipa jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili: usipotokea kwenye kipande kimoja cha safari, mfumo hufuta vipande vyote vinavyofuata. Tiketi yangu ya kurudi Dar, ambayo nilishailipia, nayo ilikuwa imekufa. Siyo kwamba nilikosa ndege moja. Nilikosa zote.

Nikatoa dola 940 kwa tiketi mpya. Usiku uliofuata ndege imejaa, nikapata ya usiku wa pili yake. Viza ya kutoka nje sina, kwa hiyo siku mbili nikalala kwenye viti vya chuma, nimezungushia mikono kiunoni kama mjamzito anayelinda tumbo. Wenzangu wananipigia simu, mimi sina la kusema. Utasema nini? Nilikuwa nimelala?

Mwenye mzigo Guangzhou alitupa hadi Jumanne. Jumanne ikapita, mzigo ukabebwa na Wakongo wa Lubumbashi waliokuja na pesa mkononi, tena watu wazuri tu, walitusalimia kwa Kiswahili wakati wanapakia. Sisi tukaokota kilichobaki soko zima: chaja ambazo ukiichomeka usiku, asubuhi nyumba nzima inanuka plastiki. Wateja wakazirudisha moja moja, kila mmoja na matusi yake. Ukijumlisha tiketi, mzigo na kurudishia watu pesa, ni milioni sita na ushee zilikwenda kwa ajili ya vidonge viwili vya shilingi mia tano. Mwenzangu mmoja hadi leo tukikutana Msimbazi anavuka barabara.

Na yule mzoefu? Niliporudi nikamfuata. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Sasa wewe ulizidisha dozi." Basi! Hakuna pole wala nini. Na siku hiyohiyo nilimsikia akimpa maelekezo yaleyale kijana mwingine. Hawa watu wapo kila mahali, kazi yao kuwapa wenzao ushauri ambao hawatalipia wao. Yule wa duka la dawa aliyeniuzia mimi ndiyo kabisa sitaki kumwongelea. Diazepamu ni dawa ya kuandikiwa na daktari, siyo ya kufungiwa kwenye kaki kama njugu. Hakuniuliza hata kama nina pumu.

Sasa wewe hali yako ni mbaya kuliko yangu, maana mimi nilikuwa naenda China, wewe unaenda Dubai. Falme za Kiarabu diazepamu ni dawa inayodhibitiwa. Kuingia nayo unatakiwa uwe na cheti cha daktari na kibali ulichoomba kabla ya safari. Wewe una bahasha ya kaki isiyo na hata jina lako. Wakikukagua pale utawaambia nini, kwamba uliambiwa na mtu wa mtandaoni mwenye laiki 17?

Halafu mwili wenyewe. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu ni nyepesi, ni kama umekaa Njombe au mlimani zaidi kidogo. Diazepamu inapunguza kasi ya kupumua, pombe nayo inapunguza, wewe unavirundika vyote viwili huko juu. Usingizi wake nao si usingizi wa kawaida, hujigeuzi, miguu imening'inia safari nzima palepale, damu inaweza kuganda. Kama kuna daktari aliyekupima na kukuandikia kwa jina lako, hayo ni yako na yeye, sina neno. Naongelea bahasha.

Na kwa kuwa umeitaja Bukoba mwenyewe, niseme kidogo, kwa heshima ya waliopoteza watu wao. Novemba 2022 ile ndege iliingia ziwani na watu 43, wakafa 19. Sikulaumu kuogopa, hata mimi siku ile nilizima simu. Lakini 24 walitoka hai, mkuu. Walitoka kwenye maji. Jiulize ungekuwa umemeza viwili na kachupa, mkanda ungefunguliwa na nani?

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi moderata anifungie: PANDA NA AKILI ZAKO. Ukilazimika kutetemeka, tetemeka. Ukilia, lia, hakuna aliyewahi kukosa ndege kwa sababu alilia.

Nilijua hivyo wakati wa kurudi. Guangzhou hadi Addis ni usiku mzima, sina kidonge, sina pombe, sina pesa hata ya kununua pombe. Pale mlangoni nikamwambia mhudumu kwa Kiingereza changu cha kubangaiza kwamba naogopa sana. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, ni kelele gani inayokutisha zaidi? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kuna kishindo chini ya miguu ikishapaa, na kuna pale muungurumo unapopungua ghafla, nahisi injini imezima tunaanguka. Akasema kishindo ni magurudumu yanaingia tumboni na milango yake inafunga, na muungurumo unapungua kwa sababu ndege imeshaondoka ardhini, haihitaji tena nguvu yote ya kupaa. Kama lori likishamaliza kupanda mlima, dereva hukanyaga tena vilevile? Huo mfano wa lori ni wangu, yeye aliongea kistaarabu zaidi.

Halafu akaniwekea chupa ya maji mezani, imejaa nusu. Tukitikisika, akasema, usiangalie dirisha, angalia maji. Mahali fulani usiku ikaanza: taa ya mkanda ikawaka, viti vinalia kwichi kwichi, mtoto nyuma anapiga kelele. Tumbo langu linaniambia tumeshuka mita mia. Nikaangalia chupa. Maji yanachezacheza tu, kama chai kwenye basi likipita matuta ya Mikumi, tena dereva akiwa mstaarabu. Nikawa navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa sita, macho kwenye maji. Shati lililowa lote, lakini nilikuwepo. Addis nilishuka kwa miguu yangu miwili na viatu viwili, nikafika getini saa mbili na nusu kabla, nikakaa wima kama askari wa zamu.

Kiti: chukua usawa wa mabawa, pale mtikisiko ni mdogo, mkiani ndiko kunakopiga zaidi. Mkanda usiufungue hata taa ikizimwa, wanaoumia kwenye mitikisiko wengi ni wasiofunga. Muda: nenda asubuhi, maana mchana jua likishachemsha ardhi, mawingu ya huko Singida na Dodoma hunenepa, na ndiyo yaliyonipandishia soda mimi. Ziwani kwenyewe wewe wa Mwanza unajua kuliko mimi, dhoruba inakuja hata alfajiri, kwa hiyo asubuhi nayo si hirizi. Dar acha nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege, na kama ni tiketi mbili tofauti acha zaidi, maana ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji wala haikujui.

Nimeandika mno, na kuna mteja amesimama hapa dakika kumi ananiangalia. Maswali mengine wadau watakujibu. Hizo diazepamu mrudishie aliyekupa, leo, kabla hujapanga begi. Na yule mdau wa "utaamka Dubai", kama anahitaji chaja nina boksi mbili stoo tangu 2018. Nampa bure, achomeke usiku.