Kebo ya baharini: kwa nini kujua kina hakutoshi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mvuvi wa Sahare, Tanga. Ramani za baharini zinaonyesha kina, na manahodha wetu wanajua palipo mwamba na palipo mchanga. Kwa nini, kabla ya kufukia kebo au bomba, meli ya upimaji irudie njia ile ile mara kadhaa?

JIBU: Marahaba. Ramani ya baharini huchorwa ili chombo kisipande mwamba, na kwa kazi hiyo inatosha. Kebo inayofukiwa hulala ndani ya sakafu ya bahari, kwa hiyo tunachotafuta ni kile kilicho mita moja, mbili au tatu chini ya pale bildi, ile timazi ya kupimia kina, inapogota. Mchanga anaoujua nahodha huenda ni tabaka jembamba tu lililofunika matumbawe ya kale, na jembe la kufukia haliwezi kuyachimba.

Meli hurudia njia kwa sababu kila kipimo kina swali lake. Sauti nyembamba huchora umbo la sakafu. Sauti nzito hupenya matope na kuonyesha matabaka. Kipima sumaku hutafuta chuma, kama vile nanga zilizopotea na kebo za zamani. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini mwendo huo hubadilika kwa joto na chumvi, na ndiyo maana karibu na mlango wa Mto Pangani wakati wa masika hatuna budi kuupima upya mara kwa mara, la sivyo sakafu iliyo tambarare itaonekana imepinda. Hata hivyo, picha zote hizo ni makisio mpaka bomba la sampuli lizamishwe na udongo wenyewe uletwe juu.

Wengi hudhani matope laini ndiyo nafuu. Kuchimba ni rahisi, ni kweli, lakini nanga nayo huzama zaidi humo kuliko kwenye mchanga mgumu, hivyo kebo hulazimika kufukiwa chini zaidi. Tena, kwa kebo ya umeme kama ile ya kilovolti 33 iliyounganisha Tanga na Pemba mwaka 2010, matope yenye mabaki mengi ya mikoko hupitisha joto vibaya, na kebo inayoshindwa kupoa haiwezi kubeba umeme wote iliyokusudiwa kubeba.

Ujuzi wenu unahitajika hasa katika jambo ambalo hakuna chombo chetu kinacholipima: mahali mnapotia nanga wakati wa kusi na pale nyavu zinaponasa kila msimu. Wapimaji wakifika, waonyesheni kabla njia ya kebo haijachorwa.