Mimi si mwanafunzi wala wakili: nitaingia maktaba ya sheria ya chuo?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia moja ya Wete, Pemba. Kuna familia inagombania eka tatu alizoacha mzee wao, na upande mmoja umeleta karatasi iliyojaa majina ya sheria na namba za kesi ambazo sijapata kuziona. Nimeambiwa vitabu hivyo vipo Unguja, katika maktaba ya sheria ya chuo kikuu. Mimi si mwanafunzi wala si wakili. Je, nitaruhusiwa kuingia? Naweza kuazima? Na kama haiwezekani, mpwa wangu anasoma sheria hapo mwaka wa pili. Aniazimie kwa kadi yake kisha anitumie kwa boti? Naomba unifahamishe kabla sijakata tiketi.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umefanya la maana kuuliza kabla ya tiketi. Mimi hukaa kaunta ya maktaba ya sheria, na sipendi kumuona mtu katoka mbali na begi mkononi, kisha mlinzi anamrudisha getini kwa kukosa karatasi moja.

Nianze na la mpwa wako, maana ndilo litakalomtia mtu hasarani. Usimtume. Kitabu kinaazimwa, kadi haiazimwi. Kitabu kikishaandikwa kwa jina lake, basi ni chake yeye mpaka kirudi, hata kama wewe ndiye uliyenacho Wete, na hata kama boti imekilowesha njiani. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alimwazimia ami yake kitabu cha sheria ya ushahidi. Ami akampa rafiki yake, rafiki akasafiri. Kijana akamaliza masomo, akafaulu vizuri, akaja kufuata cheti. Fomu ya kumaliza chuo hupita kila idara, na ikifika kwetu tunagonga muhuri kwamba mwenyewe hadaiwi kitu. Hatukuweza kuugonga. Kitabu kile hakikuwa kikiuzwa tena, ikabidi akitafute Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa nacho cha zamani, akakinunua kwa pesa za kukopa. Na ami bado akimwambia kitapatikana tu, inshaallah.

Mpwa wako anaweza kukusaidia bila ya kadi yake kuguswa. Mtumie picha ya ile karatasi, aende rafuni, aangalie kipi kipo na kipi hakipo, akupigie simu. Huo ni msaada mkubwa kuliko kuazima.

Sasa kuingia. Ndiyo, utaingia, kama mgeni. Maktaba ya chuo ni ya wanafunzi na walimu wake kwanza, lakini mlango wa wageni upo: wahitimu, mawakili na mavakili (wale wasio mawakili kamili lakini wameruhusiwa kusimamia kesi mahakama za chini), mahakimu, makadhi, watafiti, na watu wa kazi yako. Kwetu tunamtaka mgeni aje na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au chengine chenye picha, pamoja na barua ya taasisi yake. Wewe iombe kwenye jumuiya ya wasaidizi wa sheria unayofanya nayo kazi, yenye muhuri. Ikiwa jumuiya haina muhuri, sheha wako atakusaidia. Barua isiseme tu kwamba unakuja "kwa ajili ya utafiti", maana neno hilo halinisaidii kukutafutia kitu. Iseme unatafuta sheria za ardhi ya eka tatu, na iseme siku utakazokuwepo. Mimi binafsi barua hii naiona usumbufu kwa mtu anayekuja asubuhi moja na kuondoka, na nimelisema hilo kikaoni zaidi ya mara moja. Lakini kanuni bado ndiyo hiyo, na mlinzi wa getini hajui maoni yangu. Kila chuo kina masharti yake, na vyengine hutoza ada ndogo ya mgeni kwa siku, kwa hivyo piga simu kwanza ya chuo utakachokwenda.

Chagua na siku. Wiki za mitihani viti ni vya wanafunzi, mgeni anaweza kusubiri hata kwa muda wa saa mbili. Ijumaa tunafunga kwa sala, na mwezi wa Ramadhani saa zinapungua. Anayetoka Pemba na boti ya asubuhi asitegemee kufanya kazi yote siku ile ile. Lala mjini, uje asubuhi ya pili ukiwa na akili iliyopumzika.

Kuazima: hapana, mgeni haazimi, anasoma papo hapo. Lakini usione umeonewa. Vitabu unavyovitaka wewe hata profesa haondoki navyo.

Maana vitabu vyetu havikai katika hukumu moja. Kuna vya kawaida, vile vya kufundishia sheria ya mikataba, ya jinai, ya ardhi na mfano wa hivyo. Hivyo mwanafunzi wetu huondoka navyo kwa siku 14 na anaweza kuongezewa muda kama hakuna mwenzake anayevisubiri. Kuna vya mkopo mfupi, ambavyo mwalimu amewaambia watu 80 wasome sura ile ile na sisi tuna nakala tatu. Hivi vinakaa nyuma ya kaunta, vinatoka kwa saa chache, au jioni wakati wa kufunga na kurudi asubuhi tunapofungua, na faini yake huhesabiwa kwa saa. Halafu kuna vya rejea, ambavyo havitoki kabisa: sheria zilizochapishwa, ripoti za kesi, Gazeti Rasmi la Serikali, na tasnifu za wanafunzi. Karatasi yako nzima, kwa ninavyoikisia, imo katika kundi hili la mwisho.

Watu wengi hudhani tunavizuia kwa ubahili. Ripoti za kesi ni mfululizo. Juzuu ya kwanza ya ripoti za kesi za Zanzibar imekusanya hukumu za kuanzia 1868 hadi 1918. Ikipotea hiyo, hakuna duka la kwenda kuinunua, na kila hukumu iliyoitaja baadaye inabaki inaashiria mahali pasipo kitu. Wakili mwenye kesi kesho asubuhi akikuta pengo rafuni, hana pa kukimbilia jioni ile. Sheria zilizochapishwa nazo zina sababu yake nyengine. Sheria hurekebishwa. Marekebisho yakitoka, sisi huchukua penseli, tukaandika pembeni ya kifungu kwamba kimebadilishwa na sheria fulani ya mwaka fulani, na pengine tukabandika karatasi. Kitabu kilichokaa chini ya kitanda cha mtu mwezi mzima hakipati penseli hiyo. Kikirudi kinamdanganya anayefuata, tena kinamdanganya kwa maandishi ya kupiga chapa, ambayo ndiyo watu wanayoyaamini zaidi.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye hiyo karatasi, kwa sababu mgeni hupoteza siku yake hapo, si getini. Mtu anakuja anasema "nataka vitabu vya ardhi". Vitabu vya ardhi ni rafu nzima. Mwengine anakuja na "Sheria Namba 6" basi. Namba peke yake haina maana, mpaka iwe na mwaka, kwani kila mwaka namba zinaanza upya. Mfano mzuri tunao hapa hapa: Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya 2004 ilikuwa Namba 6, na iliyokuja kuchukua nafasi yake 2018 ni Namba 6 vile vile. Ya mwenendo wa jinai ilikuwa Namba 7 ya 2004, na mpya ni Namba 7 ya 2018. Nimeshamuona mtu kanakili vifungu kurasa nne, kwa mwandiko mzuri, kutoka ile iliyokwisha kufutwa.

Ukiona neno Dikrii, ujue ni sheria ya zamani, ya kabla ya Mapinduzi au ya miaka iliyofuata karibu yake. Nyingi zimepangwa kwa sura. Ile ya mwenendo wa kesi za madai ni Sura ya 8, na kwenye karatasi huenda ikaandikwa Cap. 8. Ukiona mwaka, kisha herufi EA, kisha namba, hiyo ni kesi iliyomo katika ripoti za Afrika Mashariki zilizoanza 1957, na namba ya mwisho ni ukurasa wa kwanza wa hukumu. Ukiona EACA, hizo ni ripoti za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki za kabla ya hapo, rafu ya juu yake. Nakili kila kitu kama kilivyo, herufi, nukta na mabano, usifupishe. Kwa mtu wa kaunta, ile nukta ni sehemu ya anwani.

Kwa mzozo wa eka tatu, vitu vitatu ningekuwekea mezani hata kabla hujakaa: Dikrii ya Ugawaji wa Ardhi ya 1966 (ndiyo ya eka tatu tatu ambazo Serikali iliwagawia watu baada ya Mapinduzi), Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 pamoja na marekebisho yake, na Sheria ya Mahakama ya Ardhi Namba 7 ya 1994. Tahadhari moja: rafu zetu zina sheria za pande zote mbili za Muungano, kwa sababu wanafunzi wetu husoma zote. Ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi ya 1999 inayotajwa sana mitandaoni ni ya Tanzania Bara, haina kazi Wete. Ikiwa imo kwenye karatasi uliyoletewa, hapo una la kuuliza.

Na kama suala la nani warithi lilipita Mahakama ya Kadhi, usitumie asubuhi yako kupekua ripoti za Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 imeweka mpaka: mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi hayafiki huko. Tafuta hukumu za Mahakama Kuu ya Zanzibar. Ukitaka na vitabu vya mirathi vyenyewe, viulizie sehemu mbili. Maktaba inayotumia mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, huweka sheria ya Kiislamu 340.59 kwa upande wa sheria, na vitabu vya fiqhi 297.14 kwa upande wa dini. Kitabu kimoja hupelekwa huku au kule kwa kutegemea nani alikipokea siku ile, na mie nakiri kuna baadhi nilivipeleka siko.

Kopi utapata. Sheria na hukumu tunakutolea kurasa unazotaka kwa bei ya karatasi. Kitabu cha mwandishi ni jambo jengine: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya 2003, kwa hivyo usiniombe kitabu kizima. Juzuu kuukuu hatuziweki kwenye mashine ya fotokopi, maana kuzikandamiza kunavunja uti wa kitabu. Hizo utazipiga picha kwa simu yako, bila ya taa yake, nami nitakushikia ukurasa. Piga na ukurasa wa mbele wenye jina na mwaka. Picha 30 za kurasa zisizo na jina la kitabu hazitakufaa ukishavuka bahari.

Jambo moja sitaweza kukufanyia. Nitakuonyesha sheria ilipo, nitakuonyesha kama imerekebishwa, lakini sitakwambia eka zile ni za nani. Hiyo si kazi ya mkutubi, na nikijaribu nitakuharibia. Kwa hilo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina afisi Pemba pia, Chake Chake. Nenda kwao na kopi zako ukisharudi, au hata kabla hujaondoka.

Maana pengine huna haja ya kuondoka. Fungua kwanza ZanzibarLII na TanzLII kwenye simu, hizo ni tovuti za sheria na hukumu, ni bure, na hukumu nyingi za miaka ya karibuni zimo. Piga mstari kwenye karatasi yako kila ulichokipata huko. Ikibaki Dikrii na kesi za zamani tu, hizo ndizo za kupandia boti. Na ikibaki kitu cha Gazeti Rasmi la miaka ya ukoloni ambacho sisi hatuna, ukiwa Unguja pita Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Nitumie hiyo orodha iliyobaki siku mbili tatu kabla, nami nitavitoa vitabu rafuni vikusubiri. Begi utaliacha mlangoni, utaingia na daftari na simu. Na uje na penseli, kwani mbele ya juzuu za zamani kalamu ya wino haipiti.